Kiwanja kilikuwa sheli, tangi limeshang'olewa. Nichimbe kisima au niachane nacho?

#1 Kibaraza_cha_Juu

Wakuu, habari za wakati huu.

Kuna kiwanja nimeonyeshwa upande wa Mbagala. Kina ukuta, kiko barabarani, na bei yake imenifanya nijiulize mara mbili. Zamani palikuwa na sheli ndogo, ya zile za pampu mbili, tangu miaka ya 90. Ilifungwa, pakakaa kama gereji, halafu mwaka jana mwenyewe akaling'oa tangi, akawauzia watu wa vyuma chakavu. Shimo limejazwa kifusi na kushindiliwa, ukipita huwezi kujua.

Nataka kujenga nyumba za kupangisha na kuchimba kisima, maana maji ya bomba kule yanakuja kwa mgao. Jirani wa nyuma ana kisima kifupi. Nimeomba kopo la maji, nikanusa, hayanuki kitu. Dalali anasema tangi likishatoka na tatizo limetoka. Mke wangu amekataa kabisa, anasema hatupeleki watoto wa watu pale kunywa petroli.

Nani mkweli hapa? Na kama ni kupima, kinapimwa nini, wapi, na anapima nani? Mwenye kiwanja ana picha za shimo kwenye simu, ameahidi kunirushia.

Nawasilisha.

#2 Mzawa_wa_Tandika

Nimeweka kiti, wataalamu waje.

#3 DalaliHuru

Mkuu usitishwe na watu wa mitandaoni. Mimi nimeuza viwanja vilivyokuwa sheli, watu wamejenga na wanaishi raha mustarehe. Petroli ni kitu cha kuruka. Imwage kwenye zege saa sita mchana uone kama baada ya dakika chache utaiona. Ikae ardhini miaka yote hiyo inasubiri nini? Lipia, weka geti.

#4 Koleo_na_Kopo

Msikilize mke wako.

Kazi yangu ni hii hii, kuchimba na kuchukua sampuli kwenye vituo vya mafuta na bohari, kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo.

DalaliHuru anasema kweli kuhusu zege. Juu ya zege kuna jua na upepo. Mita tatu chini ya ardhi hakuna vyote viwili. Petroli ikivuja inateremka kwenye mchanga mpaka ikutane na maji. Lita moja ya petroli ina uzito wa robo tatu ya kilo hivi, kwa hiyo haizami, inaelea juu ya maji ya ardhini na kutanda. Hapo ndipo kazi mbaya inapoanza, kwa sababu ndani ya petroli kuna vitu vinne vinavyoyeyuka kwenye maji kuliko vingine: benzini, toluini, ethilibenzini na zailini. Maabara wanaviita kwa pamoja BTEX. Wa kuogopwa zaidi ni benzini, inayosababisha saratani ya damu. Hilo halina ubishi tena, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka kundi la kwanza.

Sasa kuhusu kunusa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha benzini kwenye maji ya kunywa kuwa maikrogramu 10 kwa lita. Marekani wamekaza zaidi, 5. Pua ya binadamu inaanza kuisikia kwenye maji ikiwa imeshavuka hapo mara nyingi sana. Piga hesabu: petroli yenye asilimia 1 ya benzini, lita moja tu, ina kama gramu 8 za benzini. Ikiyeyuka yote, inatosha kuyafikisha maji lita 800,000 kwenye kikomo hicho cha 10. Kwa hiyo ukisikia harufu, hayo maji usiyaguse. Usiposikia, hujajua kitu.

Jambo la pili ni tangi lenyewe. Watu wote wanaliangalia tangi, lakini mara nyingi mwizi ni bomba linalotoka tangini kwenda kwenye pampu, viungo vyake, na pale kwenye mdomo wa kujazia ambapo kila lori likishusha mafuta panamwagika kidogo. Miaka ishirini ya kidogo kidogo. Tangi linaweza kutoka zima kabisa na ardhi ikawa imeoza upande wa pampu.

La tatu linaniuma. Wakati mzuri wa kupima ulikuwa siku shimo lipo wazi. Unachukua udongo wa sakafu ya shimo, wa kila ukuta usawa wa maji yanapofika, na wa chini ya mabomba, halafu ndipo unafukia. Wakishajaza kifusi, ukichimba katikati utapima kifusi kilichotoka sehemu nyingine na utapata majibu safi ya udongo ambao si wa pale. Ukiletewa karatasi ya vipimo, uliza sampuli ilitoka wapi na kina gani. Karatasi ikisema tu "sampuli ya udongo", mrudishie.

Rusha hizo picha.

#5 Mama_Shadya

Jamani mimi nina swali pembeni. Sisi tunakaa mtaa wa nyuma ya sheli ambayo bado inafanya kazi na tunatumia kisima. Tukichemsha si yanakuwa salama?

#6 Koleo_na_Kopo

Dada, kuchemsha kunaua vijidudu. Benzini yenyewe inachemka kwenye nyuzi 80, kwa hiyo ni kweli nyingi itaondoka kwenye sufuria, lakini inaenda wapi? Jikoni, na wewe umesimama hapo hapo. Hata kuoga maji ya moto yenye benzini ni kuivuta. Mkaa maalumu wa kuchujia unaikamata, ila ukishajaa unaacha kuikamata bila kukupa taarifa. Mkaa wa jikoni haufanyi kazi hiyo.

Usipate presha lakini. Kuwa karibu na sheli peke yake si ugonjwa. Swali ni maji ya ardhini yanatiririka kuelekea wapi. Kama kisima chenu kiko upande wa juu wa mtiririko, mnaweza kuwa salama kuliko mtu aliye mbali mara tatu upande wa chini.

#7 Mkamba_wa_Mtito

Salamu kutoka Kenya. Kwa wale wanaodhani mafuta ardhini ni hadithi, someni habari za Thange, kule Kibwezi, kaunti ya Makueni. Bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi 1978. Mwaka 2015 wanakijiji wakaanza kuona mafuta mtoni na kwenye visima. Bomba lilikuwa limetoboka chini ya ardhi na hakuna aliyekuwa ameona kitu juu. Watu waliacha visima vyao, mashamba ya kando ya mto yakaharibika, na kesi ikaenda mahakamani miaka na miaka. Lile lilikuwa bomba kubwa, sisemi tangi la sheli linaweza kufanya hivyo. Lakini mwendo wa mafuta ardhini ni ule ule.

#8 Kibaraza_cha_Juu

Picha zimefika, nimeziweka. Ya kwanza tangi liko juu ya lori. Ya pili shimo, kuna maji chini. Ya tatu ni ukuta wa shimo upande wa barabara.

#9 Koleo_na_Kopo

Ahsante, hizi zina faida kuliko maneno ya watu wote humu nikiwemo mimi.

Picha ya kwanza. Ikuze uangalie chini ya tumbo la tangi, kuelekea kushoto. Kuna tundu na pembeni yake kutu imekula duara. Liko sawasawa chini ya mdomo wa kupimia. Hiyo ni kawaida ya matangi ya chuma: kila asubuhi mtu anatumbukiza kijiti cha kupimia mafuta, kijiti kinagonga sehemu ile ile, rangi inatoka, na maji yanayokaa chini ya mafuta yanaanza kula chuma. Matangi mapya yanawekewa bamba la ziada hapo kwa sababu hiyo. Hili halina.

Picha ya pili, maji ya shimoni yana utando wenye rangi za upinde wa mvua. Yachokoze kwa kijiti: ukikatika vipande vyenye kona kama vigae vilivyovunjika, mara nyingi ni wa chuma na bakteria, hauna madhara. Ukijirudi na kuungana tena, ni mafuta. Kwenye picha siwezi kujaribu, lakini mkunjo ule mimi naona mafuta.

Picha ya tatu ndiyo yenyewe. Angalieni ukuta wa shimo: juu mchanga mwekundu, halafu kuna mkanda wa kijivu kwenda nyeusi, kama nusu mita, halafu maji. Mkanda ule unatokana na masika na kiangazi. Mafuta yanaelea juu ya maji. Masika maji yanapanda, mafuta yanapanda nayo na kugandia kwenye mchanga. Kiangazi yanashuka, mengine yanabaki yamenasa. Kila mwaka yanapakwa upya. Ndiyo maana mtu anaweza kupima maji mwezi wa kumi akapata kidogo, akapima mwezi wa tano akapata mara kumi, na wote wawili wasiwe waongo.

Kwa hiyo tuache kubishana kama palivuja. Palivuja. Kilichobaki kujua ni kiasi gani, kimefika wapi na kinaelekea kwa nani.

#10 DalaliHuru

Kwa picha ya simu? Wewe ni mganga?

#11 Koleo_na_Kopo

Ndiyo maana nasema apime, mkuu.

#12 Kibaraza_cha_Juu

Tuache utani wakuu. Nipeni utaratibu wa kupima, nikauweke mezani kwa muuzaji.

#13 Koleo_na_Kopo

Anza na historia, haina gharama. Pampu zilikaa wapi, mabomba yalipita wapi, walikuwa wanauza petroli tu au na dizeli na mafuta ya taa, mdomo wa kujazia ulikuwa upande gani. Wazee wa mtaa na kijana yeyote aliyewahi kushika pampu pale wanajua. Umesema tangu miaka ya 90: nchi zetu ziliachana na petroli ya risasi mwishoni mwa 2005, kwa hiyo kabla ya hapo iliyouzwa ilikuwa na risasi, na risasi lazima iwe kwenye orodha ya vipimo. Haiozi na hairuki. Na hiyo gereji iliyokuja baadaye? Waulizwe oili chafu walikuwa wanamwaga wapi, isije ikawa tunamtafuta mchawi mmoja kumbe wako wawili.

Pili, udongo. Kwa keekee ya mkono unafika mita nne tano kwenye mchanga wa kwetu. Toboa pembeni ya kifusi, katika udongo wa asili, chini ya pampu za zamani, na kwenye njia ya bomba. Kila nusu mita unaweka udongo kidogo kwenye mfuko wa zipu, unaufunga na hewa ndani, unausubiri kidogo upate joto, halafu unachomeka kipima mvuke. Mashine hiyo haikuambii ni benzini au ni nini, inakuonyesha tu wapi pana mvuke mwingi. Hapo ndipo unachukua sampuli ya maabara. Chupa ya kioo, ijae mpaka juu, kifuniko kikaze, kwenye barafu. Udongo uliokaa kwenye mfuko wa rambo kwenye buti ya gari tangu asubuhi, ukifika maabara utakuta benzini yote imeshaondoka na mtapewa majibu ya kuwafurahisha.

Tatu, maji, na hapa ndipo watu wengi wanaibiwa. Usichukue maji ya kisima cha jirani ukadhani umemaliza. Kisima chake hujui kinavuta kutoka kina gani. Unahitaji visima vya uchunguzi, visipungue vitatu, visiwe kwenye mstari mmoja. Bomba la PVC la inchi mbili, sehemu yenye mipasuo ianze juu ya usawa wa maji na kwenda chini yake. Mafuta yanaelea! Ukiweka mipasuo chini tu, yatapita juu ya kisima chako na hutayaona. Nje ya mipasuo mchanga safi wa kuchuja, juu yake udongo wa bentonaiti wa kuziba ili maji ya mvua yasiteremke na uchafu wa juu.

Kwa nini vitatu? Ili ujue maji yanaelekea wapi. Pima urefu wa mdomo wa kila bomba kulinganisha na nukta moja. Ukikosa mpima ardhi, mpira wa maji wa mafundi ujenzi unatosha ukiwa makini na mapovu. Halafu pima maji yako chini kiasi gani ya kila mdomo, utoe. Tuseme, kwa mfano, pale penye tangi maji yapo usawa wa mita 10.00, kona ya barabarani 10.06, kona ya jirani 9.91. Maji yanatoka barabarani kwenda kwa jirani. Tofauti ya sentimita 9 mnaiona ndogo? Kama toka tangi hadi kona ile ni mita 20, kwenye mchanga wa kawaida maji yanaweza kusafiri sentimita 15 hadi 20 kwa siku. Kwa mwaka ni mita sitini na kitu. Na jirani akifunga pampu kubwa, anayavuta yaende haraka zaidi.

Kabla ya kujaza chupa, vuta maji polepole, chini ya nusu lita kwa dakika, mpaka yatulie. Ukitumbukiza ndoo na kuipiga piga unayatikisa na benzini inaruka. Chupa zake ni ndogo, mililita 40, zina tone la asidi ya kuzuia bakteria wasiile sampuli njiani, na zisibaki na povu la hewa hata moja. Peleka na chupa moja ya maji safi iliyosafiri kwenye boksi lile lile bila kufunguliwa. Maabara ikiikuta nayo ina benzini, ujue uchafu uliingia safarini.

#14 Mzawa_wa_Tandika

Huu uzi uwekwe juu kabisa. Maabara gani sasa?

#15 Koleo_na_Kopo

Mkemia Mkuu wa Serikali ni pa kuanzia, na zipo za binafsi. Popote uendapo, uliza kabla hujachimba: wanapima BTEX na jumla ya mafuta kwa kromatografia ya gesi, yaani mashine inayotenganisha kemikali moja moja? Wanaweza kusoma chini kiasi gani? Maabara ambayo mashine yake haioni chini ya maikrogramu 50 ikikuandikia "haikuonekana", hiyo haina maana kwenye kikomo cha 10. Kama paliuzwa dizeli, ongeza nafthalini na jamii yake.

#16 Bongo_Kansas

Niko Marekani, nimefanya kazi na kampuni ya kufukua matangi huku. Naongeza kidogo tu. Hawa jamaa walishtuka miaka ya 80. Mwaka 1984 Bunge lao likatunga sheria ya matangi ya ardhini, na mwisho wa kuyaboresha au kuyafunga ukawekwa Desemba 1998. Tangu waanze kuhesabu, wameshathibitisha uvujaji zaidi ya nusu milioni. Na huku hakuna shimo linalofukiwa kabla ya sampuli.

Kisa ninachokumbuka ni Santa Monica, California. Mwaka 1996 mji ulifunga visima vilivyokuwa vinatoa karibu nusu ya maji yake, kwa ajili ya MTBE, kemikali iliyokuwa inaongezwa kwenye petroli. Ile inayeyuka kwa urahisi, haigandi kwenye udongo, na bakteria wanachelewa kuila, kwa hiyo inatangulia mbele ya benzini. Mwambie mtu wa maabara aiongeze kwenye orodha.

Ila tusimtishe mtu bure. Mwaka 1995 maabara ya Lawrence Livermore ilikusanya taarifa za mamia ya vituo vya California ikakuta michirizi mingi ya benzini haikuvuka kama mita 80 kutoka chanzo. Bakteria wa ardhini wanaila wenyewe, hasa chanzo kikishaondolewa. Kuna maeneo huku tunafuatilia tu, tunapima kila miezi mitatu, namba zinashuka, kazi inafungwa.

#17 Koleo_na_Kopo

Kweli kabisa mkuu, nakuunga mkono, kwa sharti ulilolitaja: chanzo kiondolewe. Ule mkanda mweusi kwenye picha ya tatu bado upo nyuma ya kifusi. Huo ndio chanzo sasa, tangi ni historia. Nikiulizwa, ufukuliwe, udongo ukatandazwe sehemu yenye turubai chini, ugeuzwe na kulishwa mbolea mpaka bakteria wamalize. Siyo upelekwe kujazia barabara ya mtaa wa pili.

Na kwenye kisima chenyewe. Sehemu nyingi za Dar kuna mchanga wenye maji juu, halafu tabaka la mfinyanzi, halafu maji mengine chini. Mchimbaji akikutobolea kisima kirefu kupita katikati ya uchafu bila kuziba pembeni ya bomba kwa saruji, amekufungulia njia ya kushusha benzini kwenye maji ya chini ambayo yalikuwa salama. Hapo utakuwa umewaharibia mtaa mzima.

#18 Wakili_Msomi_Kiasi

Kwa upande wa karatasi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imebeba kanuni ya mchafuzi kulipa, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, inaweza kutoa amri ya kurejesha mazingira. Biashara ya sheli ina leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa hiyo muulize muuzaji leseni ya zamani na taarifa ya kuifunga. Kisima nacho kinahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde, kwenu ni Wami/Ruvu.

Sasa siyo sheria, ni uzoefu: ukishalipa na hati ikabadilika jina, wa kumkimbiza mchafuzi ni wewe, na wapangaji watakukimbiza wewe. Weka kwenye mkataba kuwa vipimo vinafanyika kabla ya malipo ya mwisho, gharama ya kufukua ni ya muuzaji, na sehemu ya fedha inakaa kwa wakili mpaka majibu yatoke. Akikataa hata kuruhusu keekee iingie, hapo umeshapata majibu bila maabara.

#19 Kibaraza_cha_Juu

Nimeongea naye. Amenuna, lakini amekubali visima vitatu, mimi nalipia maabara na yeye anachimba. Tena amesema alikuwa na tangi la pili, dogo, la mafuta ya taa, "hilo halikuwa na shida" kwa hiyo hakuling'oa. Liko chini ya kile kibanda cha mlinzi.

#20 Mama_Shadya

Eeh! 😳

#21 Koleo_na_Kopo

Basi visima viwe vinne, na kimoja kiwe kati ya kibanda na ukuta wa jirani.

Hilo tangi asiliguse mpaka apatikane mtu wa kazi hiyo. Yanayobaki chini yanyonywe, mvuke uondolewe na upimwe, ndipo linyanyuliwe. Asishushwe kijana ndani kwa ndoo na tambara: mvuke wa mafuta ni mzito kuliko hewa, unakaa chini, anazimia kabla hajaita. Na watu wa vyuma chakavu wasilikate kwa moto pale pale. Tangi tupu lenye mvuke ndilo linalolipuka, lililojaa halina hewa ya kuwakia.

Safari hii shimo likiwa wazi, nitafute kabla halijafukiwa. Na mabomba ya maji ya nyumba yakifika zamu yake, usipitishe bomba la plastiki kwenye ule udongo mweusi, hata liwe la maji ya DAWASA. Benzini inapenya kwenye plastiki na kuingia kwenye maji yaliyotoka kiwandani safi.

#22 Kibaraza_cha_Juu

Hilo la bomba sikuwa nalijua. Jumamosi keekee inaingia, nitarudi na namba.